Mjomba wa Vitofali anajibu: mji wangu wa kaboi mbona hautishi?

Toleo lililopita niligusia kwa kupitapita tu kwamba huwa najenga mji wa kaboi wenye mizuka kwa vitofali vya kuchezea, kumbe nimechokoza nyuki. Meseji zimekuja hadi nimechoka kusoma. Kwa ambaye hakuwepo, tunaongelea Magharibi ya Marekani ya miaka ya 1880 huko, vumbi, farasi, sherifu, baa, ila wenyewe wameshaondoka na kilichobaki sio salama sana. Nimechagua maswali machache, mengine nimeyaunganisha maana yalikuwa yaleyale.

Mjomba shikamoo. Nimejenga mtaa mzima wa kaboi, baa ipo, jela ipo, duka lipo, nikaweka wanasesere tisa wa mifupa ya mtu na mizuka minne, lakini mke wangu kila akipita anacheka, anasema hapo kuna harusi. Nakosea wapi? — Baba Zuu, Kigamboni

Marahaba baba. Mkeo yuko sahihi, pole.

Na usijisikie vibaya maana hata mimi yalinikuta. Mji wangu wa kwanza niliujaza mifupa kumi na minne, mingine juu ya farasi, mmoja nikamning'iniza kwenye nguzo, nikamwita mpwa wangu wa miaka saba aje aogope, akaizunguka meza taratibu akauliza, "Mjomba, hawa wanasherehekea nini?" Nilikaa kimya. Si unajua mifupa ya LEGO, wale watengenezaji wa vitofali, ilivyo, tangu imeanza kutoka 1995 inachekelea tu, ukiweka mmoja sawa, ukiweka tisa umeshaita kikundi cha ngoma. Na ule mzuka wa shuka unaong'aa gizani, wa tangu 1990, ni mzuri ila ukiwa minne inakuwa nguo zimeanikwa.

Sasa fanya hivi, tafuta picha za mji unaitwa Bodie, uko California juu milimani. Dhahabu ilionekana pale 1859, na huyo W. S. Bodey aliyeiona wala hakuifaidi, alikufa kwenye dhoruba ya theluji, jina likabaki kwa mji tena limekosewa herufi. Miaka ishirini baadaye pale kuna watu maelfu, inasemwa elfu saba mpaka kumi, mabaa, magazeti, kila kitu, halafu dhahabu ikapungua watu wakaanza kuhama kidogokidogo, moto wa 1932 ukala sehemu kubwa ya mji, na tangu 1962 ni hifadhi ya jimbo. Utunzaji wao ndio ulionifurahisha: hawazifanyi nyumba ziwe mpya na pia hawaziachi zianguke. Paa likivuja linazibwa, ukuta ukitaka kulala unawekewa mhimili, basi, wanaishia hapo. Ndani vitu vipo walivyoviacha wenyewe, unachungulia dirishani unaona meza, makopo kwenye shelfu, vumbi limelala juu yake. Kuna wageni wanaiba msumari au kipande cha chupa, baada ya muda wanavirudisha kwa posta na barua ya kuomba radhi, eti tangu wachukue mikosi haijawaacha.

Umeona mfupa hata mmoja hapo? Hakuna.

Sisi neno lake tunalo kabisa, hame, yaani makazi yaliyohamwa. Ukipita kwenye hame saa kumi na mbili jioni unaongeza mwendo bila hata kuona kitu, ile sufuria iliyobaki jikoni ndiyo inayokukimbiza. Kwa hiyo, baba Zuu, mifupa yako irudishe kwenye kopo, halafu ingia kwenye baa yako uweke meza moja, vikombe vinne, karata zimegawiwa za watu wanne, viti vitatu. Acha hivyohivyo, usielezee. Nje kwenye boriti la kufungia farasi weka tandiko na hatamu, farasi asiwepo. Mzuka mmoja ruksa, muweke dirisha la juu kabisa ila asitazame barabarani, mgeuze atazame ndani ya chumba, watu wataanza wenyewe kuinama kuchungulia anaangalia nini.

Nyumba zangu zimenyooka sana zinaonekana mpya kama za mkopo wa benki. Nazichakazaje bila kuziharibu? — Mama Mapacha, Tanga

Dada yangu, hapa ndipo utamu ulipo, nivumilie.

Kwanza elewa nyumba ya kaboi yenyewe ilivyo. Ule uso mkubwa wa mraba unaouona kwenye picha ni uongo mtupu, nyuma yake kuna kibanda cha paa la mgongo cha chumba kimoja. Mwenye duka alikuwa anapiga mbao mbele mpaka zipite paa ili biashara ionekane ya maana na apate pa kuandika jina. Kwa hiyo nawe jenga hivyohivyo, uso mrefu, kibanda kifupi, na muhimu sana mtu aweze kuzunguka aone nyuma, aone huo uso umeshikiliwa na vijiti viwili tu. Mji mzima ulikuwa unajidai, ndio maana ukifa unatia huruma na unatisha kwa pamoja.

Mbao sasa. Wengi wanapanga matofali ya kawaida ya kahawia wanapata ukuta wa choo cha shule. Chukua pleti, zile nyembamba, tofali moja lina kimo cha milimita 9.6 na pleti ni 3.2, yaani tatu zinalingana na tofali. Zipange moja juu ya nyingine halafu ulilaze rundo zima ubavu. Ile mistari ya maungio inasimama wima na kila pleti inakuwa ubao mmoja mwembamba. Hesabu yake inakubali vizuri ajabu: pleti tano zikilala ni milimita 16, sawasawa na vinundu viwili, vile vijivimbe vya juu ya tofali, maana kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Rundo lako linaingia kwenye pengo la vinundu viwili bila kubaki hata unywele, unalishika kwa yale matofali yenye kinundu ubavuni. Halafu hapo katikati toa pleti moja ndefu weka fupi, tayari una ubao uliong'oka.

Kuhusu kunyooka, vunja timazi. Ghorofa ya juu usiipigilie vinundu vyote, ishike kwa kimoja tu katikati kisha izungushe kidogo sana, ukiizungusha sana inakuwa katuni. Uso wa mbele uweke kwenye bawaba uegemee nyuma nyuzi chache, kisha uwekee mhimili kama wale wa Bodie. Na ile pleti ndogo yenye kinundu kimoja katikati inakusogezea kitu nusu hatua, milimita 4, weka ngazi ya mlangoni hivyo utaona jicho linasumbuka bila kujua kwanini.

Ya mwisho ni milango ya saluni. Nasema saluni ya kaboi, yaani baa yake, sio ya kusuka, ile milango mifupi miwili ambayo kaboi anaisukuma kwa kifua. Mmoja ufungue, mwingine uutoe kabisa uulaze chini mchangani.

Vitofali vyangu vya kahawia vinakatika ovyo, na pia nina vile vya bei rahisi vya dukani, naweza kuchanganya? — Kijana wa Nakuru

Kahawia ni ugonjwa wa siku nyingi, hujalogwa. Rangi ya kahawia na ya kijivu zilibadilishwa mwaka 2004, na hii kahawia mpya yenye wekundu ikapata sifa mbaya ya kupasuka, hasa vipande vidogo vyenye kishikio. Usivitoe kwa nguvu. Vikipasuka ni kuni na mbao za mji wako, mbona vinafaa.

Kuchanganya changanya tu kama vipimo vinakubali, jaribu vitofali kumi kwanza, vikilegea vipeleke juu kabisa visipobeba kitu. Ukinunua vya mtumba vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, yasizidi nyuzi 40, usivichemshe tafadhali, na usivianike juani. Ila vile vyeupe ambavyo tayari jua limeshavigeuza njano usivitupe!! Mimi huwa natafuta hivyohivyo, hakuna rangi dukani inayofanana na ubao uliokauka kama hiyo.

Nataka nyumba yangu iwe imejengwa juu ya makaburi ya Wahindi Wekundu, ndio maana ina laana. Niyajengeje hayo makaburi? — Msomaji, Minneapolis

Hilo nakushauri uliache ndugu, na hapo ulipo unaweza kukaa jirani na wajukuu zao. Hawa watu hawakuwa hadithi ya kutishia. Alfajiri ya tarehe 29 Novemba 1864 huko Sand Creek, Colorado, askari wa Marekani walivamia kambi ya Wacheyenne na Waarapaho, makabila mawili ya hao wenyeji, wakaua watu wapatao 230, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Wenye haki ya kulalamika ni wao, sasa wewe unawageuza mashetani wanaomsumbua mwenye nyumba?

Laana unayo tele kwa wazungu wenyewe, tamaa ya dhahabu inatosha. Kama unataka makaburi, nenda Tombstone, Arizona. Tarehe 26 Oktoba 1881 walipigana risasi pale karibu na zizi la farasi la O.K. Corral, sekunde thelathini hivi imekwisha, watu watatu chini, Billy Clanton na ndugu wawili wa ukoo wa McLaury, wakazikwa kilimani Boothill. Jina lenyewe lina maana ya kilima cha buti, yaani cha waliokufa viatu miguuni. Alama za makaburi zilikuwa mbao, kwa hiyo tailsi nyembamba ya kahawia, kile kipande laini kisicho na vinundu, ikisimama inatosha, rundo dogo la mawe ya kijivu, na moja la mwisho lichimbwe liwe wazi na koleo kando.

Mume wangu anasema haya ni kuchezea majini nyumbani. — Bi. Asha, Zanzibar

Mwambie ni plastiki, dada. Akikataa, toa mzuka bakisha hame, hame halina ubishi.

Taa je? — wengi

Nunua ule mshumaa wa betri unaowayawaya, mmoja tu, uweke ndani nyuma, chumba ambacho dirisha lake halionekani moja kwa moja, mbele yake weka kioo cha rangi ya chungwa. Watu wataona mwanga unacheza ukutani bila kuona unatoka wapi. Tochi ya simu usitumie, inatoboa kila kona mpaka unaona maungio ya vitofali. Na uzime taa ya sebuleni kabla hujamwita mtu, baba Zuu nakuambia wewe hasa, kisha mkeo apite.