Ukoo wa mume wangu niliukuta kwenye hesabu za maskini

Mwanangu alirudi shuleni na kazi ya kuchora mti wa ukoo. Upande wangu haukutusumbua: nilimpigia baba simu Korogwe, na kabla chai haijapoa alikwishataja vizazi saba, nani kamwoa nani, na nani mpaka leo anadaiwa mahari. Upande wa baba yake tukakwama kwa babu. Mama mkwe akasema, "Sisi watu wa kijijini tu, historia tutaitoa wapi?" Kijiji chenyewe kiko Norfolk, mashariki mwa Uingereza: mashamba ya shayiri, kanisa la mawe ya gumegume, na baa moja iliyofungwa.

Neno hilo lilinichokoza. Huu ni mwaka wa tatu nachimba, na kwa kuwa wengi wetu tumeolea au kuolewa huku, naandika yaliyonisaidia.

Anza na wazee, intaneti baadaye. Mama mkwe, yule yule asiye na historia, alikuwa na kopo la biskuti juu ya kabati limejaa vyeti. Kutoka hapo ingia kwenye sensa. Ya karibuni iliyo wazi kwa Uingereza ni ya 1921. Ya 1931 iliungua moto mwaka 1942, na ya 1941 haikufanyika kwa sababu ya vita. Rudi nyuma hadi 1851, maana hiyo inakutajia parokia aliyozaliwa mtu. Ya 1841 usibishane nayo kuhusu umri: umri wa watu wazima ulishushwa hadi namba ya chini yake inayogawanyika kwa tano, wa 34 akaandikwa 30. Serikali ilianza kuandikisha vizazi na vifo Julai 1837. Kabla ya hapo tegemeo lako ni kanisa, lililoagizwa na Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, mwaka 1538 kuandika ubatizo, ndoa na mazishi.

Hapo ndipo nilipoumia. Nilimfuata mtu mmoja miezi minne, nikamchorea watoto na wajukuu, kumbe alizikwa akiwa na miaka mitatu. Wazazi walimpa mdogo wake jina lile lile, jambo la kawaida kabisa enzi hizo. Siku hizi nikiona ubatizo, kabla sijafurahi nafungua kwanza ukurasa wa mazishi.

Kosa la pili lilitaka kuniharibia na wakwe. Nilikuta harusi ya Mei 1730 na ubatizo wa mtoto Februari 1730, nikajiandaa kutoa habari ya aibu mezani Jumapili. Bahati nzuri niliuliza kwanza. Kabla ya 1752, mwaka wa Kiingereza ulianza Machi 25, kwa hiyo Februari ile ilikuja baada ya Mei. Miezi tisa kamili! Bibi wa watu alikuwa safi.

Lakini utamu wote niliupata kwa maskini. Mtu aliyejitegemea na kunyamaza anakuachia mistari mitatu tu: kabatizwa, kaoa, kazikwa. Aliyeishiwa ndiye aliyeandikwa, kwa sababu aligharimu hela za watu. Parokia ilitakiwa kuwatunza maskini wake, na sheria ya 1662 iliruhusu mgeni anayeelekea kuwa mzigo arudishwe kwao. Ili kujua kwao ni wapi, mahakimu walimhoji, na karani akaandika.

Nina picha ya karatasi ya mahojiano kama hayo kwenye simu yangu. Babu wa mababu wa mume wangu anaeleza alikozaliwa, shamba alilofanya kazi, na kwamba mwajiri alimwachisha wiki moja kabla mwaka haujatimia. Nilidhani walikosana. Kumbe kijana asiyeoa akimaliza mwaka mzima wa ajira alipata haki ya kuhesabiwa mwenyeji wa parokia ile, na wenye mashamba hawakutaka kulipia wazee wa kesho. Chini kuna msalaba wa wino uliopinda, saini yake. Katika daftari la wasimamizi wa maskini nikamkuta tena: jozi ya viatu, kuni, halafu sanda. Mwenye shamba ana bamba la marumaru kanisani lenye sifa tele, lakini viatu vyake sivijui.

Hata rejista za ubatizo zitafute kwa jicho hilo. Kati ya 1783 na 1794 kila ingizo lilitozwa kodi ya peni tatu, maskini wakisamehewa, kwa hiyo herufi P (pauper, yaani maskini) pembeni ya jina inakuelekeza daftari la kufungua. Alama hiyo iko kwenye ukurasa wenyewe, ndiyo maana tovuti za FamilySearch na FreeREG, ambazo ni bure, mimi nazitumia kama faharasa tu. Halafu natafuta picha ya ukurasa wenyewe. Nyaraka za zamani nyingi ziko kwenye hifadhi ya kaunti. Nenda na penseli. Mimi nilitoa kalamu ya wino, mhudumu akaruka kama nimetoa kiberiti.

Mwisho omba ramani ya zaka. Zilichorwa baada ya sheria ya 1836, na orodha yake inataja mwenye kila kiwanja, anayekikalia, mara nyingi na jina la shamba. Tulichapisha kipande chetu, tukavaa mabuti, mimi, mwanangu na mama mkwe. Nyumba haipo, pale pamelimwa viazisukari hadi kwenye ua. Mama mkwe alisimama kimya, kisha akanigeukia:

"Vile viatu, walimnunulia shilingi ngapi?"