Maswali ya wasomaji: akiolojia, ajira na mashimo ya Kondoa

Binti yangu kamaliza kidato cha sita, anataka akiolojia. Ajira ipo? (Mzazi, Nkuhungu)

Ipo, ila serikalini nafasi ni chache, asikae nyumbani kusubiri tangazo. Tangu Sheria ya Mazingira ya 2004, miradi mikubwa hufanyiwa tathmini kabla ya ujenzi, na malikale, yaani vitu na maeneo ya kale, nazo hukaguliwa humo. Huko anatakiwa mtu anayejua kusoma matabaka ya udongo, kuchora ramani na kuandika ripoti inayoeleweka. Basi mkiulizia chuo, ulizeni wanafunzi wanakwenda uwandani kwa muda gani, na kama wanachimba wenyewe au wanasimama kutazama. Digrii ya darasani tupu itamtesa.

Ni lazima nisomee Dar es Salaam?

Hapana. Mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) ni bure na kila msimu wa udahili naulizwa hilihili. Usome.

Mkihitimu mnachimba dinosauria?

Dinosauria ni paleontolojia, elimu ya mabaki ya viumbe wa kale. Sisi tunamfuatilia binadamu na alivyoviacha.

Karibu na kwetu kuna mwamba wenye michoro, wazee wanasema Mjerumani alificha dhahabu chini yake. Nikisoma akiolojia nitapewa kibali cha kuchimba? Mashine ya kupimia inapatikana wapi? (Kijana, Kondoa)

Kibali hutolewa kwa utafiti, na kuchimba bila hicho ni kosa kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964. Mashine usinunue. Wanaouza mashine na ramani za hazina wanakula fedha zako wewe.

Michoro ya Kondoa iliingia Urithi wa Dunia mwaka 2006, na bado kuna mapango yenye mashimo ya watafuta mali. Mchoro hauna tarehe. Kinachotusaidia kukisia umri wake ni kilicholala chini: mkaa, vipande vya rangi, mawe yaliyochongwa, kila kimoja katika tabaka lake. Ukilipindua lile tabaka kwa sururu usiku mmoja, hakuna profesa wala maabara itakayolirudisha. Na Kolo, hukohuko Kondoa, wapo watu wanaofanya matambiko hadi leo, kwa hiyo unawavunjia heshima walio hai pia. Mwenye kujua shimo jipya aende ofisi ya kijiji leo.

Nimeokota vigae vya vyungu shambani, Manyoni. Nivilete?

Usivilete, na usivioshe. Vingine viache vilivyo, piga picha ukiweka kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, kisha kamwone afisa utamaduni wa halmashauri kabla trekta halijapita.