Nyimbo za Kulipia: Zipi Zako, Zipi za Kukodi?

SWALI: Assalaam alaikum. Mimi ni mvuvi, hulala baharini upande wa Kiwayu ambako mtandao hakuna. Nataka nyimbo za halali za kupiga kwenye redio ya mashua, ile yenye tundu la flashi. Nijiunge na Spotify, ile programu ya kusikiliza muziki, au ninunue moja moja? Ipi nafuu?
Msomaji, Shela, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam ndugu yetu. Kwa redio ya flashi, Spotify haikufai hata ingekuwa rahisi kiasi gani. Ukilipia Premium, yaani Spotify ya kulipia, unaruhusiwa kupakua hadi nyimbo 10,000 kwa kila kifaa, vifaa visizidi 5, lakini faili zake zimefungwa na hufunguka ndani ya programu hiyo tu. Redio haitaziona. Tena simu sharti iingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na ukiacha kulipa, nyimbo ulizopakua hazipigiki tena. Apple Music nayo hivyo hivyo: malipo yakikatika, na nyimbo zimekwenda. Kujiunga kunamfaa anayetaka nyimbo mpya kila wiki na ana mtandao. Wewe utasikiliza zilezile miaka na miaka, basi nunua.

Jaribu Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Bei hupangwa na msanii, na faili ukishainunua haina kufuli. Tafuta kwanza kama msanii umtakaye yumo, maana wa pwani si wote waliomo, kabla hujahangaika na kadi. Huna kadi ya benki? M-Pesa GlobalPay hukupa kadi ya Visa ya kwenye simu.

Ukifika kwenye kupakua, chagua MP3 320 (namba hiyo ni kipimo cha ubora wa sauti), usichague FLAC, aina nyingine ya faili, kwani redio nyingi za bei ya chini haziisomi. Wimbo wa dakika 4 utakula MB 10 hivi. Taarabu ya dakika 10 ni MB 24, kwa hivyo taarabu 40 zinakaribia GB 1. Pakua mjini kwenye Wi-Fi, usimalize bando. Flashi iwe ya GB 32 au chini, iliyoandaliwa (format) kwa mfumo wa FAT32. Redio ikigoma kuisoma, mara nyingi kosa ni hapo, wala si nyimbo.

Tovuti ya Mdundo nayo hutoa MP3 bure, gharama zikibebwa na matangazo.

SWALI: Binamu yangu aliye Uingereza ameniletea kompyuta yake ya zamani. Baadhi ya nyimbo alizonunua iTunes, duka la nyimbo la Apple, zinakataa kupiga. Kwa nini?
Msomaji, Malindi

JIBU: Tazama mwisho wa jina la faili. Ikiwa .m4p, imefungwa, ikiwa .m4a, kwa kawaida haina kufuli. Apple iliacha kufunga nyimbo za kuuza mwaka 2009. Zilizofungwa kabla ya hapo hupiga tu kwenye kompyuta iliyoidhinishwa kwa akaunti ya mnunuzi, na kompyuta hizo zisizidi 5. Mwambie aiidhinishe mwenyewe, au aondoe idhini za mashine asizozitumia tena.

SWALI: Nina mkahawa hapa Malindi. Nikilipia Spotify, naweza kuwapigia wateja?
Msomaji, Malindi

JIBU: Hapana. Masharti yake ni matumizi ya binafsi, si ya biashara. Hata nyimbo ulizonunua hazikupi haki hiyo. Kupiga muziki hadharani Kenya kunahitaji leseni, na ada yake hulipwa kwa mashirika ya mirabaha (malipo ya wasanii) yaliyoidhinishwa na KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya. Kabla hujamlipa wakala anayepita mlangoni, hakikisha kwa KECOBO kwamba shirika lake lina idhini ya mwaka huo.