Timu ya hoki ikitajwa kuhama mjini kwenu, anza na mkataba wa uwanja

Tangu Salt Lake City wapate timu ya hoki ya barafuni, ndugu zetu wanaoishi kule hawaishi kunipigia simu. Maswali yao ni mawili: kazi za pale uwanjani ni za kutegemea? Na tiketi za msimu mzima, mtu akope anunue? Wananiuliza mimi kwa sababu timu yenyewe ilitoka kwetu. Nilikuwa nauza chakula kwenye kaunta za uwanja wa Glendale, hapa jirani na Phoenix, jimboni Arizona, enzi timu hiyo ikiitwa Coyotes. Wao wameondoka, sisi tupo.

Nawaambia hivi: ukitaka kujua timu itakaa au itahama, usihangaike kuhesabu viti vitupu. Uliza uwanja ni wa nani, mkataba unaisha lini, na hela za maegesho, bia na matamasha zinaingia mfuko wa nani.

Wengi hapa hudhani Coyotes waliondoka kwa sababu watu wa jangwani hawapendi barafu. Si kweli, au si kweli yote. Timu hiyo ililetwa Phoenix mwaka 1996 kutoka Winnipeg, Kanada, ambako barafu ni maisha ya kila siku. Watu wa Winnipeg walichangishana, mpaka watoto wakatoa hela za vibubu vyao, na bado timu ikaondoka. Dola ya Kanada ilikuwa chini ilhali wachezaji wanalipwa kwa dola ya Marekani, na uwanja wao ulikuwa mkongwe, hauna vile vyumba vya kifahari ambavyo makampuni hukodi kwa bei ya kutisha.

Huku nako wakafikia uwanja wa katikati ya jiji uliojengwa kwa ajili ya mpira wa kikapu. Kiwanja cha kikapu kina urefu wa mita 29 hivi. Barafu ya hoki inataka mita 61. Ukiilazimisha iingie, viti vya upande mmoja vinaning'inia juu ya goli, na aliyekaa pale halioni. Watu wa upande wa pili wanaruka kushangilia, yeye anatazama skrini ajue kumetokea nini.

Desemba 2003 wakahamia Glendale. Uwanja mpya, mzuri, kila kiti kinaona. Tatizo ni mahali ulipo. Glendale iko magharibi, na wanunuzi wengi wa tiketi za bei ya juu walikuwa mashariki, pande za Scottsdale. Mechi ya katikati ya wiki inaanza saa moja jioni, yaani foleni ya barabarani bado haijaisha. Sisi wa kaunta tuliijua hesabu hiyo kuliko wenye timu. Kipindi cha kwanza kilikuwa kinakaribia kwisha ndipo wateja wanamiminika, bado wamevaa shati za ofisini, wengine na vitambulisho vya kazi shingoni, wanataka soseji na bia kwa haraka kabla barafu haijamaliza kusafishwa. Jumamosi uwanja huohuo ulichangamka kabisa. Timu ile ile, mji ule ule.

Mwaka 2009 mmiliki akaipeleka timu kwenye mahakama ya ufilisi. Tajiri wa Kanada, Jim Balsillie, akataka kuinunua aipeleke Hamilton, hukohuko Kanada; jaji akakataa. Ligi yenyewe ya hoki, NHL, ikaichukua na kukaa nayo mpaka 2013. Katika kipindi hicho halmashauri ya Glendale ililipa ligi dola milioni 25 kwa mwaka, miaka miwili mfululizo, ati gharama za kuendesha uwanja. Hela za walipa kodi hizo. Agosti 2021 jiji likachoka, likatangaza kwamba baada ya msimu unaofuata mkataba hauongezwi. Timu ikaenda kucheza kwenye uwanja wa chuo kikuu kule Tempe, mji jirani, viti havifiki 5,000, katika ligi ambayo viwanja vya kubeba watu 18,000 ni vya kawaida. Mei 2023 wapiga kura wa Tempe wakakataa mradi wa kuwajengea uwanja kwenye dampo la zamani. Aprili 2024 ikauzwa kwa dola bilioni 1.2, ikaenda Utah, jimbo la Salt Lake City.

Kwa hiyo, kazi. Ichukue, lakini iwe ya pili. Mechi za nyumbani ni arobaini na kidogo kwa msimu wa kawaida, na kuanzia majira ya kuchipua mpaka vuli hoki haipo. Halafu soma karatasi zako vizuri: anayekulipa kwa kawaida ni mkandarasi wa vyakula, si timu wala jiji. Timu ikihama huna wa kumdai kitu. Cha kufanya ni kujulikana kwa mkandarasi, maana uwanja hauhami. Glendale walijaza ratiba kwa matamasha, na waliokuwa wakipokea simu na kufika kwa wakati waliendelea kupewa zamu. Waliokuja kwa mapenzi ya hoki tu walipotea.

Tiketi za msimu, usikope. Shirikianeni watu wanne, mgawane mechi. Na kabla ya kulipa nenda ukakae kwenye kiti chenyewe, kwa sababu Delta Center, uwanja wenu wa Salt Lake, nao ni wa kikapu: timu ilipofika, viti vilivyoiona barafu yote vilikuwa kama 11,000 tu. Wanaukarabati, lakini macho yako ndiyo yakuthibitishie.

Kwa mwenye haki ya kupiga kura nina neno zaidi. Siku utakaposikia timu yenu "inazungumza" na mji mwingine, tulia. Mara nyingi huo mji unatajwa ili meya wenu abanwe. Mwaka 2007 Pittsburgh walitishiwa kwamba timu yao ya hoki, Penguins, itahamia Kansas City, wakakubali kujenga uwanja mpya. Kansas City wakabaki na uwanja wao usio na timu ya NHL. Quebec, Kanada, walijenga wa viti zaidi ya 18,000, ukafunguliwa 2015, na timu ya NHL hawajaipata. Swali la kuuliza kwenye mkutano wa halmashauri ni moja: timu ikiondoka kabla deni la uwanja halijaisha, analipa nani?

Wala mapenzi peke yake hayatoshi. Winnipeg walipata timu nyingine mwaka 2011, iliyotolewa Atlanta, wakanunua tiketi 13,000 za msimu kwa kasi ya ajabu. Miaka kumi na kidogo baadaye wanunuzi walishuka chini ya 10,000 na wenye timu wakaanza kulalamika hadharani.

Kuhusu watoto wanaocheza hoki, msiwatoe. Viwanja vidogo vya mazoezi hubaki hata timu kubwa ikihama, na Auston Matthews, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa na NHL mwaka 2016, alikulia Scottsdale. Vifaa vyao ndivyo vinavyoumiza mfuko. Viatu vya barafu nunua vilivyotumika, miguu inakua kila mwaka, lakini kofia ya kujikinga nunua mpya.

Na wewe shemeji wa Salt Lake uliyeniamsha usiku kwa swali la tiketi: nenda kwanza kwenye mechi ya Jumanne, ya timu isiyo na jina kubwa, kisha unipigie. Mchana.