Kuosha Mzizi wa Jino: Dawa Gani, Sindano Ipi, na Kwa Nini Haraka Haifai

Nilipoandika juu ya kutibu mzizi wa jino badala ya kuling'oa, nilitegemea mniulize habari za maumivu na ganzi. Wapi! Wengi mmeuliza kuhusu ile dawa inayopigwa ndani ya jino kwa bomba la sindano, wagonjwa na wanafunzi wa udaktari wa meno kwa pamoja. Haya ndiyo maswali niliyoweza kujibu.

Shikamoo daktari. Nilitibiwa mzizi wa jino, na muda mwingi daktari alikuwa akimimina dawa, anainyonya, anamimina tena. Ndivyo inavyofanywa, au alikuwa ananipotezea muda?

Marahaba. Huyo ni daktari wa kurudi kwake. Watu wengi hufikiri ndani ya mzizi mna tundu moja lililonyooka kama mrija wa soda. Mfereji wa mzizi unafanana zaidi na mto unaokaribia bahari: unagawanyika, una vijia vya pembeni, na mara nyingi mifereji miwili inaunganishwa na ufa mwembamba ambao hakuna chombo kinachoweza kuuingia. Isitoshe, faili, yaani vile vijisindano vyenye makali tunavyochongea mfereji, ni za mviringo, ilhali mfereji mara nyingi ni bapa. Mwaka 2001 watafiti wa Zurich walipiga meno yaliyong'olewa picha za skani kabla na baada ya kuyachonga, wakakuta asilimia 35 au zaidi ya ukuta wa mfereji haikuguswa na faili kabisa. Hiyo sehemu isiyoguswa inasafishwa na nini, kama si dawa?

Na lazima isafishwe, kwa sababu adui ni bakteria. Mwaka 1965 yalichapishwa majaribio ya panya waliokuzwa bila kijidudu chochote mwilini. Meno yao yalitobolewa hadi kwenye kiini, yaani ile nyama hai ya ndani ya jino, yakaachwa wazi, chakula kikiingia, na bado kiini hakikufa. Kilijijengea daraja jipya la dentini, ile sehemu ngumu ya jino inayokizunguka kiini. Panya wa kawaida waliofanyiwa vivyo hivyo walipata majipu. Sisi wa fani husema faili inafungua njia tu, msafishaji ni maji.

Nilisikia harufu ya jiki mdomoni. Nimekosea?

Pua yako haikukudanganya. Dawa kuu ya kuoshea mzizi ni hipokloraiti ya sodiamu, kemikali ileile inayong'arisha nguo nyeupe, kwa nguvu kati ya asilimia 0.5 na 6 hivi. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Henry Dakin aliitumia ile ya asilimia 0.5 kuoshea vidonda vya askari. Sifa yake kubwa ni kwamba haiui bakteria tu, inayeyusha pia nyama iliyokufa.

Nikiwa mwanafunzi, mwalimu alitoa kiini cha jino lililong'olewa muda si mrefu, kiuzi chekundu chembamba kama chango, akakilaza juu ya kioo na kukidondoshea hipokloraiti. Vipovu vikaanza kutoka, rangi ikafifia, kingo zikalika. Kisha povu likatulia, na kiuzi kikabaki palepale. Akafuta majimaji, akadondosha mengine, povu likarudi. Aliendelea hivyo mpaka kioo kikawa kitupu. Tulikaa muda mrefu kuliko nilivyotaka, lakini lile somo sijalisahau.

Usijaribu kusukutua kwa dawa ya kufulia nyumbani, tafadhali. Itakuunguza kinywa, na ndani ya jino haifiki.

Mimi ni mwanafunzi mwaka wa nne. Mwalimu mmoja anataka asilimia 5.25, mwingine 2.5. Nimfuate nani?

Mfuate yeyote anayekulazimisha kubadilisha dawa mara kwa mara. Kumbuka kile kioo: klorini inayofanya kazi hutumika ikaisha, hasa ndani ya mfereji ambamo matone machache tu yanaenea. Dawa kali iliyotuama dakika kumi imekwisha kazi. Ya wastani inayobadilishwa kila unapotoa faili inaendelea kufanya kazi. Ni kweli kali inayeyusha nyama haraka zaidi, lakini pia inadhoofisha dentini, na ikitoka nje ya mzizi madhara yake ni makubwa zaidi. Binafsi natumia ya kati, naipasha moto kidogo, na sina haraka.

Angalia pia chupa. Mwanga na joto huiharibu hipokloraiti, kwa hiyo ile iliyokaa dirishani miezi kadhaa si asilimia iliyoandikwa kwenye lebo.

EDTA na klorheksidini nazo ziingie wapi? Naona kila mtu ana mpangilio wake.

Faili inapochonga huacha ukutani ukoko wa unga wa dentini uliochanganyika na uchafu, unaoziba vitundu vya dentini. Hipokloraiti inakula upande wa nyama wa ukoko huo, si upande wa madini. Hapo ndipo EDTA ya asilimia 17, dawa inayoondoa madini, inapoingia, mwishoni baada ya kuchonga, kwa dakika moja hivi. Ukiiacha muda mrefu itaanza kuila dentini yenyewe. Usiichanganye na hipokloraiti, maana inaimaliza klorini yake.

Klorheksidini ya asilimia 2 inaua bakteria lakini haiyeyushi kitu, hivyo haiwezi kuchukua nafasi ya hipokloraiti. Na zikikutana mferejini utaona mwenyewe: mashapo ya rangi ya kutu yanagandia ukutani, yanaziba ulichotoka kukifungua na kulitia jino doa. Ukitaka kuitumia, suuza kwanza kwa maji ya chumvi ya hospitali na ukaushe kwa vijiti vya karatasi. Mara nyingi mimi siitumii kabisa.

Sindano ifike wapi? Naogopa kuizamisha, tena naambiwa nisipoizamisha dawa haifiki.

Yote mawili ni kweli. Dawa haiendi mbali kupita tundu la sindano, pengine milimita moja au mbili, na kwenye ncha ya mzizi kuna kiputo cha hewa kinachoizuia. Kwa hiyo sindano nene inayoishia katikati ya mfereji inaosha nusu tu. Chukua nyembamba, geji 30, yenye tundu ubavuni na ncha iliyozibwa. Iwekee alama milimita 2 pungufu ya urefu wa mzizi. Iteremshe mpaka uhisi inakaza, kisha irudishe nyuma mpaka icheze. Hapo sasa sukuma, kwa kidole cha shahada, si kwa dole gumba, kwa sababu dole gumba lina nguvu usizozihisi. Sindano iendelee kutembea juu na chini wakati wote. Ukiona dawa hairudi juu, acha kusukuma.

Halafu itikise. Vifaa vya mawimbi ya sauti hufanya kazi nzuri, sekunde 20 hivi kila mara, ukibadilisha dawa katikati. Huna? Chukua kijiti cha gutapecha, ile mpira tunayozibia mfereji, kinachoukaa vizuri mfereji, kipandishe na kukishusha taratibu milimita 2 au 3 ndani ya dawa. Kile kiputo kinavunjika na dawa inafika chini.

Mwanangu alipiga kelele katikati ya matibabu ingawa alikuwa na ganzi, na shavu likavimba palepale. Walituambia ni dawa. Je, ni sumu?

Pole sana mama. Inaelekea hipokloraiti ilipenya nje ya ncha ya mzizi ikaingia kwenye nyama. Dalili zake ni hizo: maumivu makali ya ghafla, uvimbe ndani ya dakika chache, damu kutoka kwenye mfereji, na baadaye vilio la damu shavuni. Inatisha kuitazama. Daktari huacha mara moja, anasuuza kwa maji ya chumvi na kuacha damu itoke, anatoa dawa ya maumivu, na wakati mwingine antibayotiki. Siku ya kwanza kanda kwa baridi, kuanzia ya pili kwa uvuguvugu. Wengi hupona ndani ya wiki chache, ingawa wapo wanaobaki na ganzi kwa muda. Akishindwa kumeza au kupumua vizuri, au jicho likibadilika, nendeni hospitali saa hiyohiyo.

Una haki ya kuuliza ilitokeaje. Mara nyingi ni sindano iliyokaza mferejini huku mtu akisukuma kwa nguvu.

Ule mpira wanaounyoosha juu ya mdomo ni wa lazima? Nahisi kama nakabwa.

Ni wa lazima. Umekuwepo tangu 1864. Pumua kwa pua, na mwombe daktari mkubaliane ishara ya mkono.

Blauzi yangu ilipata madoa meupe siku ya matibabu. Yanatokaje?

Hayatoki. Si madoa, ni rangi iliyoliwa. Ulipaswa kuvalishwa aproni ya plastiki, na miwani pia. Blauzi inanunulika.