Tairi na mizigo kwa safari ya siku nne

Mkuu, umeuliza kama tairi za baiskeli zenye upana wa milimita 28 na begi la mgongoni vinatosha kwa siku nne za kupiga kambi kwenye njia ya bondeni na ile ya reli ya zamani iliyogeuzwa kuwa ya baiskeli. Badilisha vyote viwili.

Njia ya reli haina kilima cha kutisha, mwinuko mara nyingi hauzidi asilimia 2, lakini pia haikupi mteremko wa kupumzika. Unakanyaga na kukalia tandiko muda wote, na begi mgongoni linaongeza uzito palepale panapouma. Kila dakika 10 hivi simama juu ya pedali kidogo.

Funga mzigo kwenye keria: chakula, jiko na spana chini, pande zote mbili zilingane, hema juu. Kinachosumbua zaidi ni bolti za keria. Kokoto huzitikisa, moja inalegea, mzigo wote unaegemea ya pili, nayo inakatika. Zikaze kila asubuhi na ubebe mbili za akiba. Hapohapo bana spoki za gurudumu la nyuma mbilimbili kwa vidole. Iliyolegea utaihisi mara moja.

Tairi ziwe milimita 40 kama fremu inaruhusu, ya nyuma ijazwe upepo zaidi kidogo kuliko ya mbele.

Beba taa kwa ajili ya mahandaki ambamo njia ya reli hupita. Na hema usilipige kando ya mto kabisa: hewa baridi hutuama chini usiku, utaamka umelowa umande.