Kabla hujampa mtu zawadi ya bango bora, rudi hatua tatu nyuma

Mara ya kwanza nilipoitwa kuwa jaji wa mabango ya kidijitali, yale ambayo mtu anaeleza kazi yake ya utafiti kwenye skrini moja, kwenye kongamano la walimu wa afya hapa Lubumbashi, Kongo, alama za juu nilimpa kijana ambaye bango lake liling'aa kama tangazo la simu. Rangi tano, moyo unadunda pembeni, herufi zinaingia zikicheza. Jioni tukisubiri gari, mwenzangu akaniuliza, "Mama, lile bango lilikuwa linasema nini hasa?" Nikafungua mdomo, nikaufunga. Sikukumbuka.

Tangu siku hiyo naanza kwa kusimama mbali. Nikishindwa kuelewa mtu amegundua nini kabla sijasogea, lawama si ya miwani yangu. Mwaka 2019 Mmarekani Mike Morrison, wakati huo akisomea shahada ya uzamivu katika saikolojia, alipendekeza matokeo makuu yakae katikati ya bango, sentensi moja nyepesi kwa herufi kubwa, mengine yaende pembeni. Simfuati kwa kila kitu, maana sentensi kubwa inaweza kubeba kazi ndogo. Ila afadhali hiyo kuliko bango la karatasi la A0, sentimita 84 kwa 119, lililobanwa wima ndani ya skrini iliyolala: kulia giza, kushoto giza, katikati herufi kama sisimizi.

Kisha natazama dai. Wengi wetu tunaleta habari kwamba wanafunzi walilipenda somo. Katika ngazi nne za kupima mafunzo alizoziweka Mmarekani Donald Kirkpatrick, hiyo ni ya kwanza. Juu yake kuna kujifunza, halafu mwenendo kazini, halafu matokeo. Kubaki ya kwanza si kosa. Kosa ni kubaki pale huku kichwa cha bango kinajisifu kwa ya nne.

Mwaka uliofuata alikuja mwanafunzi wa ukunga na bango alilolitengeneza kwenye simu. Picha nne za vipande vya kitenge kilekile, kila kimoja kimemwagiwa maji mekundu: mililita 100, 250, 500, 1000. Chini ameuliza: kipi kingekufanya uite msaada? Mama aliyejifungua kwa njia ya kawaida akipoteza mililita 500, hiyo tayari ni kuvuja damu kupita kiasi, na macho yetu hupunja hesabu, hasa damu ikiwa nyingi. Nilichagua picha. Nilikosea, mbele ya watu.

Nikamuuliza swali ambalo sasa namuuliza kila mtu: nini kilikushinda?

"Kitenge cheusi, Mama. Hakionyeshi kitu. Na wazazi wengi wanakuja nacho."

Hakujitetea hata kidogo. Kifaransa chake kilikwama mara mbili, na mmoja wetu akataka kumkata alama kwa hilo. Nilikataa, hatukuwa tunashindanisha lugha.

Mengine ni ya utaratibu tu. Kila jaji aandike alama zake kabla hamjazungumza. Uliyemsimamia kazi yake, mwachie mwingine. Mabango yatumwe mapema kama PDF, muyasome nyumbani, kwa sababu umeme wetu tunaujua.

Na cheti kisiandikwe "Bango Bora" halafu basi. Kwenye cha yule mwanafunzi wa ukunga tuliandika sababu: ameonyesha wazi mahali njia yake inaposhindwa.

Mwaka huu ametuma bango jipya. Kitenge ni cheusi, na kimewekwa juu ya mizani ya jikoni.